Msiandike "wamepona" siku ya kutoka

Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya kurasa za katikati kuhusu vijana walioachishwa unga, yaani heroini, katika nyumba ya kufungiwa, ile yenye picha kubwa ya kijana mwenye shati jeupe amekumbatiana na mama yake getini. Kichwa cha habari kilikuwa neno moja: "Wamepona". Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi kama msomaji mwingine yeyote. Mara ya pili niliitafuta sentensi moja ambayo lazima iwemo katika habari ya aina hii, sikuiona. Mara ya tatu nikakaa kuandika.

Sina ugomvi na mwandishi wenu. Ameandika kwa heshima, na hakuwaita vijana hao mateja. (Kusema kweli neno hilo wala halinikeri. Marehemu mdogo wangu alijiita teja mwenyewe, tena kwa kicheko, na ukimwita "mtu mwenye changamoto ya matumizi ya dawa za kulevya" alikuuliza kama unamsomea mashtaka.) Kinachonisumbua ni hilo neno la kichwa cha habari. Kutoka salama na kupona ni mambo mawili, na kati yake kuna wiki chache ambazo ni za hatari kuliko miaka yote ya uteja iliyotangulia.

Nijieleze kidogo. Mimi ni mkalimani wa hospitali. Huu mwaka wa 14 nakaa kwenye kiti cha tatu katika chumba cha daktari: daktari upande huu, mgonjwa upande ule, mimi napokea neno huku nalipeleka kule. Kliniki ninayoitwa mara nyingi ni ya uraibu: unga, vidonge, pombe. Wanaokuja ni wa dini zote na wa makabila mengi, na wengine Kiswahili si lugha ya mama zao ila ndicho kinachotukutanisha.

Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kosa ambalo hadi leo namsimulia kila mkalimani mpya. Mgonjwa alikuwa mwanamume wa makamo, anatoka wodini baada ya wiki tatu bila unga. Kabla hajaondoka, daktari akataka kumwambia jambo la mwisho, na katika jambo hilo mlikuwa na neno ambalo kwa lugha ya daktari lina maana mbili: watu kuvumiliana, na mwili kuizoea dawa. Mimi nikaidaka ile ya kwanza. Nikamwambia mgonjwa, "Daktari anasema uvumilivu wako umepungua sana, kwa hiyo uwe mwangalifu."

Yule bwana akaniangalia kwa unyonge. "Dada yangu, wiki tatu nzima nimelala na arosto, mwili unadai unga. Nimetapika, mifupa imeniuma, na sijatoroka. Uvumilivu wangu umepungua wapi tena?"

Nilipompelekea daktari jibu hilo akashtuka, akavuta karatasi, akachora ngazi. Mtu anapoanza, akasema, yuko chini ya ngazi, na kipimo kidogo kinamtosha. Mwili unazoea, kipimo kile hakimfikishi popote, anaongeza, anapanda. Baada ya muda anatumia kiasi ambacho kingemuua mtu asiyewahi kutumia, naye anatembea nacho barabarani. Sasa akiacha wiki mbili, tatu, mwili unashuka ngazi haraka kuliko ulivyopanda. Kichwa hakishuki. Kichwa bado kinakumbuka kipimo cha juu. Siku akiteleza, mkono unapima kwa kumbukumbu ya kichwa, mwili unapokea kama mgeni, na pumzi inasimama.

Nilitafsiri yote, neno kwa neno, na sauti haikutetemeka kwa sababu tunafundishwa isitetemeke. Kisha nikaomba ruhusa, nikaenda chooni, nikakaa sakafuni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kujua mdogo wangu alikufa kwa nini.

Alikuwa kitindamimba wetu. Alitumia unga miaka sita. Tulimpeleka kwenye nyumba kama hiyo mliyoiandika, sitaitaja, akakaa siku 90. Alirudi amenawiri, mashavu yamejaa, anaamka mapema kuliko sisi sote. Mama alimpigia pasi mashati yake yote kana kwamba anaenda kuoa. Tulipokwenda kumchukua tulipewa begi lake, karatasi ya pongezi na maneno mawili matatu kuhusu kumwepusha na marafiki wabaya. Basi.

Siku ya tisa, alasiri, alijilaza kwenye kochi sebuleni akaanza kukoroma. Kukoroma kwa kukwaruza, kama mtu anayevuta maji kwa mrija uliopasuka, halafu kimya kirefu, halafu tena. Mimi nilikuwa mlangoni. Nikasema nimwamshe akalale kitandani. Mama akasema, "Mwache mwanangu alale. Miaka sita hajalala hivi." Nikaenda kuchukua shuka, nikamfunika.

Kule hakukuwa kulala. Kule ni koo lililolegea na pumzi inayokatika. Leo najua kwamba mtu wa namna hiyo ukimwita haitiki, ukimtikisa bega haamki, ukimsugua mfupa wa kifua kwa vifundo vya vidole hajikunji. Mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano. Vitabu vingi vinasema midomo inageuka buluu, lakini kwa sisi wenye ngozi nyeusi msisubiri buluu: rangi inafifia inakuwa ya kijivu, ya majivu, na inaonekana kwanza kwenye midomo, ufizi na kucha. Hilo nalo sikulisoma popote, nililitafsiri siku nesi alipokuwa akimfundisha mke wa mgonjwa.

Na dawa ipo. Inaitwa naloksoni. Imekuwepo tangu miaka ya 1960, na kazi yake ni kuung'oa unga pale uliposhika kwenye ubongo ili pumzi irudi. Inapuliziwa puani au inachomwa kwenye msuli, na ndani ya dakika chache mtu anaanza kupumua. Hailevyi. Ukimpa mtu ambaye kumbe hakutumia unga wala dawa za jamii yake, haimdhuru. Chicago walianza kuwagawia watumiaji wenyewe mwaka 1996. Uskoti iliifanya mpango wa nchi nzima mwaka 2011. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilisema bayana kwamba yeyote anayeweza kujikuta karibu na mtu aliyezidisha dozi, awe rafiki, ndugu au mhudumu, aipate na afundishwe kuitumia. Nguvu yake inaisha baada ya kama dakika 30 hadi 90, na unga unaweza kubaki mwilini kuliko hapo, ndiyo maana lazima mtu apelekwe hospitali hata kama ameshafumbua macho na anagombana nanyi. Na atagombana, kwa sababu umemwamshia arosto. Mvumilieni. Hapo neno hilo linafaa.

Mtaniambia, Mhariri, hii ni bahati mbaya ya nyumba moja. Laiti. Mwaka 2003 madaktari wa London walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 137 waliolazwa kuachishwa unga na dawa nyingine za jamii ya afyuni. Waliokufa kwa kuzidisha dozi walikuwa watatu, wote ndani ya miezi minne ya kutoka. Na wote walitoka katika kundi la wale 37 waliomaliza matibabu na miili yao ikasafika kabisa. Waliotoroka katikati, wale ambao kila mtu anawaita walioshindwa, hakufa hata mmoja kwa dozi. Mwaka 2007 ukatoka utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliowafuatilia watu 30,237 walioachiwa kutoka magereza. Katika wiki mbili za kwanza uraiani, hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dozi ilikuwa mara 129 ya wakazi wengine. Gereza, wodi, nyumba ya kufungiwa, mwili hautofautishi. Umekaa bila unga, umesahau.

Hiyo ndiyo sentensi niliyoitafuta katika makala yenu.

Wala sisemi nyumba hizo zifungwe. Wapo waliookolewa nazo, nawafahamu, wengine nimewatafsiria wakiwa wamekuja kumshukuru daktari. Nasema kusafisha mwili ni mlango tu. Kwa watu wa unga, kinachowaweka hai wengi ni dawa ya kila siku, methadoni au buprenofini, inayotuliza arosto na kuuacha mwili kwenye ngazi moja bila kupanda wala kushuka. Si jambo la jana: Vincent Dole na Marie Nyswander walichapisha matokeo yao ya methadoni huko New York mwaka 1965, na tangu 2005 dawa zote mbili zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, uliojumlisha watu zaidi ya laki moja na elfu ishirini, ulikuta kwamba kati ya kila watu 1,000 walikufa kama 11 kwa mwaka wakiwa kwenye methadoni, na kama 36 wakiwa wameiacha.

Hapa ndipo jamii zetu zinapogoma, kila moja kwa lugha yake. Nimeyasikia yote kwenye kiti cha tatu. Baba mmoja alisema, "Mmebadilisha unga wa mtaani kwa unga wa serikali." Mama mwingine aliuliza kama binti yake akinywa kikombe kile cha methadoni ibada yake inakubaliwa. Daktari hakujua ajibu nini, na kwa kweli halikuwa swali lake. Wiki iliyofuata mama yule akaja na kiongozi wao wa dini. Mzee wa watu alikaa kimya karibu saa nzima, akauliza maswali mazuri kuliko wanafunzi wengi wa udaktari niliowaona pale: inalevya? Akiikosa siku moja inakuwaje? Inaweza kumuua? Akajibiwa kwamba kwa kipimo alichopangiwa na kukizoea hailevyi, kwamba ikikosekana arosto inarudi, na kwamba ndiyo, inaua ikinywewa ovyo, hasa siku za mwanzo au kwa mtoto anayeikuta nyumbani, ndiyo maana mwanzoni anainywa mbele ya nesi. Mzee akafikiri. Akamgeukia yule mama akasema, "Ni mgonjwa, na hii ni dawa yake. Mlete kila siku." Dakika ile ilifanya kazi ambayo vipeperushi vyetu vya lugha sita vilishindwa kuifanya kwa mwaka mzima.

Ninavielewa vipeperushi hivyo. Vingine nimevitafsiri mimi. Wanaotuma kazi hudhani jamii nyingine inahitaji maneno mengine tu. Kuna dodoso la pombe la Shirika la Afya Duniani lenye maswali 10, lilijaribiwa katika nchi sita, Kenya ikiwemo, na ni zuri. Linauliza siku ya kawaida unakunywa vinywaji vingapi. Sasa mwulize hivyo mtu ambaye maisha yake yote amekunywa kwenye chombo kimoja kinachozungushwa. Atakujibu "kimoja", na hajadanganya.

Basi niseme na la pombe, maana familia nyingi zinaona njia ya kumwachisha mlevi ni ileile ya kumfungia. Tuliletewa mzee aliyefungiwa chumbani na wanawe kwa nia njema kabisa. Siku ya kwanza alitetemeka. Siku ya pili alipata degedege. Siku ya tatu akawa anawafukuza wadudu wasiokuwepo ukutani, wanawe wakadhani amepata wazimu. Arosto ya unga inatesa lakini yenyewe ni nadra kuua, mradi mtu anapata maji. Arosto ya pombe, kwa mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, inaua. Mtu huyo aachishwe chini ya daktari, kwa dawa za kumtuliza. Mzee alipona. Wanawe walilia kwa aibu, na hapakuwa na haja ya aibu, kwani nani aliwahi kuwaambia?

Yupo pia msichana wa miaka 12 aliyekuja kumtafsiria baba yake. Siku hiyo mimi nilikuwa nimechelewa. Nilipoingia alikuwa anamwuliza baba kwa sauti ndogo kama anajidunga kwenye mishipa ya mkono au ya mguu, na baba anatazama dirishani, hajibu. Hospitali inayomtumia mtoto kazi hiyo haijapata jibu sahihi hata moja. Baba hatasema mbele ya binti yake, na binti atabeba hata asichoambiwa. Wanawake ndio kabisa. Wanakuja saa za mwisho, mtandio umefunika nusu ya uso, na swali lao la kwanza halihusu dawa. Wanauliza nani atajua, na kama watanyang'anywa watoto. Ukishindwa kujibu hilo usimlaumu asiporudi.

Kisanduku cha mwisho cha makala yenu kilipendekeza wanafunzi waonyeshwe picha za kutisha. Mdogo wangu alionyeshwa. Alirudi nyumbani siku hiyo akiigiza yule maiti wa kwenye picha, tukacheka hadi machozi. Iceland walikwenda njia nyingine: saa zaidi za watoto na wazazi wao, michezo na muziki vilivyopangwa baada ya shule, mikutano ya wazazi, na kila baada ya muda wanawauliza watoto wenyewe hali ikoje. Mwaka 1998, kati ya vijana wa miaka 15 na 16, asilimia 42 walisema walilewa katika mwezi uliotangulia. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Si kila nchi ina fedha za Iceland, najua. Lakini mkutano wa wazazi hauhitaji fedha za Iceland.

Nimeandika mengi kuliko nilivyokusudia, na mtakata mnapotaka. Ila msikate ombi hili. Mnapoandika tena kuhusu nyumba yoyote ya kuachisha, mwandishi wenu aulize maswali matatu kabla ya kupiga picha: familia imeambiwa nini kuhusu wiki za kwanza? Imepewa naloksoni? Na Jumatatu asubuhi kijana anakwenda kliniki gani? Akijibiwa vizuri, hapo andikeni neno lolote mnalotaka kwa herufi kubwa.

Na lipo la haraka zaidi. Makala ilisema yule kijana wa shati jeupe alirudi nyumbani siku ileile ya picha. Nimehesabu, leo ni siku yake ya 12. Mwandishi wenu bila shaka ana namba ya simu ya mama yake. Tafadhali mpigieni leo, msisubiri kuchapa barua hii. Mwambieni akimsikia mwanawe anakoroma mchana, asimfunike shuka.

Wenu,
Mkalimani
(Jina limehifadhiwa kwa ombi la mwandishi)